Kigingi cha Kumi na Nne

Baba alipima makorongo.
Kila masika yalipokwisha, Kondoa, upande wa Haubi,
alishuka na futi ya chuma na daftari la jalada la buluu
akaangalia ardhi imekiacha uchi kiasi gani
kila kigingi alichokipigilia.
Cha saba: sentimita nne. Cha kumi na nne: kumi na moja.
Mimi nilishika ncha ya futi. Nilikuwa na miaka sita
na sikujua kwamba nimeshaajiriwa.

Sasa ofisi yangu iko mlimani, Dodoma, ghorofa ya pili,
dirisha linapiga mluzi upepo wa Julai ukianza.
Sina panya. Sina darubini. Sina dawa kwenye friji;
friji ina maziwa ya Mama Chilewa wa masjala.
Nina chaki, kompyuta inayochemka kama birika,
na swali moja lililokula ujana wangu:
seli mbili za ubongo zikiamka pamoja
kiungo kati yao hunenepaje,
na mbona hakipasuki?

"Jaribio liko wapi?" aliandika mhakiki wa kwanza.
Wa pili: "Mwandishi asome kwanza waliomtangulia."
Wa tatu alinyamaza miezi kumi na minne,
kisha akaandika: Hapana.
Na shangazi, msibani, mbele ya watu:
"Daktari wa ubongo, huyu kijana wetu mwenye kifafa
mbona unamtazama tu?"
Nikasema mimi ni daktari wa hesabu za ubongo.
Akasema, "Basi mhesabie."
Nimetembea na neno hilo kama mwiba wa mgunga,
ule unaovunjikia ndani.

Shida yangu ilikuwa hii, naisema kwa lugha ya korongo:
maji hupita yalikopita.
Njia ikishachimbika huita mvua yote ijayo,
na mlinganyo wangu ulikuwa na tabia hiyohiyo.
Chenye nguvu kiliongezewa, kikaongezewa,
mpaka ubongo mzima kwenye skrini
ukawa ufa mmoja mwekundu
unaokumbuka kitu kimoja, kilekile, kwa kelele.
Miaka tisa.

Baba alipobomoa nyumba ya zamani
aliniletea madaftari kwenye gunia la alizeti.
Nikasoma mwaka ule mifugo ilipohamishwa,
wanaume wamesimama barabarani na fimbo zisizo na kazi.
Tangu hapo safu ya tarakimu inashuka: tatu, mbili, sifuri,
halafu, kwa mwandiko wake wa kulala:
"Kigingi cha 14 hakionekani. Kimefunikwa na udongo na majani."
Amekiandika kama kosa lake.
Pembeni ameomba radhi kwa Bwana Ofisa.

Usiku ule niliweka alama ya kutoa.
Kipande kifupi tu mwishoni mwa mstari:
kila kiungo kipungue, kimyakimya,
kwa kadiri ya unene wake.
Skrini ikatulia. Vikabaki vijia, hafifu, vingi,
kama vya mbuzi asubuhi,
na kusahau kukawa kunaota katikati yake
pasipo kupandwa na mtu.

Wanafunzi huniuliza Kiswahili chake.
Naandika ubaoni: unyumbufu.
Wanafikiria manati. Nafuta. Naandika: udongo.

Jana Nyemo Chibago, mwaka wa tatu,
kalamu mdomoni, amenyoosha mkono akasema
ile alama yangu ya kutoa haisimami
iwapo seli ya tatu imelala.
Nimehesabu mpaka adhana ya alfajiri.
Yuko sahihi.
Uso umenichoma kwanza, siwezi kuficha.
Halafu nimechemsha chai, nikahesabu tena
kwa mwandiko mkubwa, ili apate pa kusahihisha.

Jumamosi nampeleka Haubi, akakione kigingi.
Nimempigia baba simu aazime jembe.
Mzee Bura amekohoa, akafikiri, akasema
tuje, ila tusichimbe sana,
tutaliamsha korongo.